Kipakatalishi cha Mwalimu wa Kwaya

Laptopu ya mwalimu wetu wa kwaya ilichelewa kuamka kuliko mwenyewe, na mwenyewe hakuwa mtu wa kuamka upesi. Alikuwa akibonyeza kitufe, anaiacha mezani, anaenda jikoni. Huko anachemsha chai, anaimimina, anaipuliza, anakunywa, anaosha kikombe. Akirudi, kale kaduara bado kanazunguka kwenye kioo. Basi anavuta kiti, anaipakata, anangoja. Mimi niliyekaa kando nikimtazama ndiye niliyetokwa na jasho.

Siku hizi laptopu hiyo inafunguka kabla hujavuta kiti. Mimi ndiye niliyeiharakisha, na laiti mkono huu ungepooza siku ile.

Alizaliwa wapi na wazazi wake walikuwa nani, siwezi kusema. Tuliishi mtaa wa Ziwani mlango ukitazama mlango, tukianika nguo kwenye kamba moja, na sikuwahi kumuuliza. Nilidhani wakati wa kuuliza ungekuwepo tu. Ninachokijua ni kile mtu anachokijua kuhusu jirani: anavyokohoa asubuhi, anavyofagia mlangoni kwake, nani anamcheka na nani anamwogopa.

Aliyemwogopa hakuwepo. Wa kumcheka tulikuwa wengi, na sababu ilikuwa huo upole wake. Mazoezi ya kwaya yalifanyika katika ukumbi wa kanisa upande wa Makadara, karibu na Jogoo Road, mahali ambapo magari hayanyamazi. Mwalimu hakuanza mpaka mwimbaji wa mwisho aingie. Kama Mama Atieno, aliyeongoza sauti ya kwanza, alikuwa bado anafunga kibanda chake cha mboga, tulikaa tukamngoja. Mtu akimtupia Mwalimu ile methali ya haraka na baraka, alikasirika kweli.

"Hiyo ni methali ya wavivu," alisema. "Mimi sichelewi. Mimi nawasubiri watu. Hivyo ni vitu viwili."

Lakini usimwone hivyo ukadhani alisubiri kila kitu. Kwenye arusi au matanga, foleni ya chakula ikianza tu, Mwalimu alikuwa mbele na sahani mkononi, mbele ya wazee wa kanisa na pengine mbele ya mchungaji. Tukimsuta, alijibu bila haya: "Sahani haina sauti nne." Mahubiri nayo yalimlaza usingizi kabisa, kidevu kifuani, ila "amina" ikitamkwa, anainuka na wimbo uko tayari mdomoni. Na yeye aliyetugombeza kwa kukosea nusu ya noti ya wimbo, nyumbani kwake alipiga mluzi wa matangazo ya sabuni ya redioni, tena vibaya.

Mimi aliniita Karani. Nilikuwa karani wa stoo katika reli mpaka nilipostaafu, na kazi ile ilinikaa mwilini. Nilifundishwa kwamba stoo iliyojaa ni stoo iliyolala. Ukikuta vitu viwili vya jina moja rafuni, kimoja kiondoke. Niliifanya kazi hiyo kwa bidii nikasifiwa, halafu nikaileta nyumbani. Nilitupa vifuniko vya sufuria vilivyofanana. Nilitupa viti. Marehemu mke wangu alikuwa akiwaambia majirani, "Siku moja huyu atawatazama watoto, aone wamefanana, amtoe mmoja."

Katika kwaya niliimba besi, yaani sauti ya nne, na nilikuwa na ugonjwa mmoja usiopona: niliingia kabla ya wakati wangu. Mwalimu alituongoza kwa vidole. Kidole kimoja, sauti ya kwanza iingie. Viwili, ya pili. Vitatu, ya tatu. Mimi sikungoja vinne. Ananyoosha viwili, nami huyo nimekwishafungua mdomo.

"Karani," alisema, mkono bado uko hewani, "treni yako imeondoka na abiria bado wananunua mandazi."

Ukumbi mzima ulicheka. Aliyecheka zaidi alikuwa mkewe, ambaye sote tulimwita Mama Mwalimu. Yeye ndiye aliyeshika sauti ya pili.

Ni lazima niseme kidogo kuhusu sauti ya pili, kwa maana mambo yote yaliyofuata yako hapo. Watu wakitoka kanisani hurudi nyumbani wakiimba sauti ya kwanza. Hiyo ndiyo wanayodhani ni wimbo. Sauti ya pili ukiisikia peke yake, utadhani mwimbaji amepotea njia: inakaa mahali pamoja, inapanda kidogo, inarudi, kama mtu anayeongea mwenyewe huku anachambua mchele. Mama Mwalimu hakujali. "Mimi ni wa kushikilia," alisema. Na Mwalimu alikuwa na usemi wake aliourudia kila mwaka waimbaji wapya walipoingia: "Sauti ya kwanza ni uso. Ya pili ni shingo. Uso bila shingo ni kinyago."

Nyimbo tulizoimba nyingi alizitunga mwenyewe, na hakuziandika. Do re mi aliijua vizuri, aliweza kuzipanga zote kwenye karatasi kama angetaka. Hakutaka. "Wimbo ulioandikwa utaimbwa na mtu asiyekujua," alisema. Badala yake aliwaita viongozi wa sauti sebuleni kwake, mmoja mmoja, akafunga madirisha ili kuku na watoto wasisikike, akatundika blanketi mlangoni, akamrekodi kila mmoja kwenye kaseti. Mama Atieno ya kwanza. Mkewe ya pili. Seremala mmoja wa kwetu, ambaye sasa ni marehemu, ya tatu. Mimi ya nne. Nakumbuka joto la lile blanketi, na Mama Mwalimu akinipa maji kabla sijaanza, akininong'oneza, "Leo ungoje, Baba."

Basi hivyo ndivyo nyimbo zake zilivyokaa: kila wimbo vipande vinne, kila kipande na mtu wake. Miaka ikaenda, waimbaji wakahama, wengine wakafa, kwaya ikabaki ya watu wa kuhesabika. Paa la nyumba yake likavuja, ukungu ukazila zile kaseti. Lakini kabla hazijaharibika kabisa binti yake alikwisha kuzihamishia kwenye laptopu. Hilo nililisikia likisemwa na nikalisahau, kama nilivyosahau mengi yaliyosemwa nikiwa nawaza mambo yangu.

Neno laptopu lenyewe hakulipenda. Alisema kipakatalishi, neno ambalo watoto wetu walilileta kutoka shuleni na sisi tukalicheka, maana ukilitamka dukani muuzaji atafikiri unatafuta dawa ya mifugo. Siku moja nilimwambia aachane nalo.

"Kupakata ni nini, Karani?" akaniuliza.

"Ni kuweka mapajani."

"Kuweka nini mapajani?"

"Mtoto."

"Basi umewahi kumwambia mtoto uliyempakata afanye haraka?"

Nilicheka. Sikuona kwamba yeye hakucheka.

Mama Mwalimu alifariki baada ya kuugua muda mrefu. Tukamzika, tukarudi, na maisha ya ua wetu yakaendelea. Nilichokiona tangu hapo ni kwamba Mwalimu aliifungua ile mashine kila siku alasiri. Chai, kikombe, kiti, kuipakata. Dirisha lake likiwa wazi nilisikia sauti ya mwanamke ikigunaguna, haina mwanzo wala mwisho, nikadhani ni redio iliyokosa stesheni. Nilimwonea huruma. Nilijiambia: mzee wa watu, mke hana, na hata mashine inamtesa. Kusubiri kwake kuliniuma mimi kuliko yeye.

Nikaenda mtaa wa Huruma kwa kijana mmoja mwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta, nikamweleza.

"Buda, hiyo haijakufa," alisema, akiniita kama vijana wa mjini wanavyowaita wazee, bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake. "Hiyo imeshiba. Kama mwenyewe hataki kuweka diski mpya, ipunguzeni mzigo. Toa programu zinazojiamsha zenyewe ikiwashwa. Toa vitu viko mara mbili mbili. Mwaga lile pipa la takataka. Halafu iambie ijipange upya. Itaruka!"

"Nitajuaje kitu kiko mara mbili?"

"Utaona jina moja na namba. Moja, mbili, tatu. Hizo ni kopi."

Simlaumu. Alijibu swali nililomuuliza. Mimi ndiye niliyetoka pale nikitembea kama mtu aliyepandishwa cheo, kwa kuwa kazi aliyonieleza niliijua tangu ujanani. Ilikuwa stoo tu.

Mwalimu nilipomwambia, hakukataa. Nadhani hakutaka kunivunja moyo. Alikuwa amealikwa kwenye mkutano wa matanga kanisani, akanisogezea mashine mezani. "Fanya, Karani," alisema. "Lakini usikimbie."

Nilianza vizuri. Nilifuta vumbi kwenye matundu ya feni kwa brashi ya rangi. Nilizima programu zilizokuwa zikijiamsha. Kisha nikafika kwenye nyimbo, na macho yangu ya karani yakafurahi. Mavuno 1, Mavuno 2, Mavuno 3, Mavuno 4. Krismasi hivyo hivyo. Pasaka hivyo hivyo. Rafu nzima ya vitu vya jina moja! Nikabonyeza Mavuno 1. Ilichukua muda mrefu kufunguka, kaduara kanazunguka, kanazunguka, hatimaye Mama Atieno akaimba, nikamtambua, wimbo wetu ni huo. Nikabonyeza Mavuno 2 nihakikishe. Kaduara kakaanza tena.

Sikungoja. Hilo ndilo ninalolala nalo na kuamka nalo. Ningekaa tu pale, ningechemsha hata chai, ingefunguka na ningemsikia. Badala yake nilisema moyoni, ni zile zile, nikaifunga. Nikaacha namba moja ya kila wimbo, nikafuta zilizobaki, nikamwaga pipa, nikaiambia mashine ijipange. Mimi niliyekuwa namba nne maisha yangu yote ya kwaya niliiona namba nne mbele ya macho yangu, na sikujitambua.

Mwalimu aliporudi nilikuwa nimesimama mlangoni kama mtoto aliyepata alama nzuri. Akabonyeza kitufe, akageuka kwenda jikoni, nami nikamwita, "Rudi, rudi!" Kioo kilikuwa kimekwisha kuwaka.

"Ala! Karani, umeipa nini?"

"Nimeipunguzia mzigo, Mwalimu."

Alicheka, akanipiga bega. Akaketi, akaipakata, akaanza kutafuta. Nikaona kidole chake kikienda mahali kilipozoea kwenda, kikasimama. Kikashuka. Kikapanda.

"Namba mbili iko wapi?"

"Zile zilikuwa kopi. Nimekuachia moja ya kila wimbo."

"Umeniachia namba moja."

"Ndiyo."

"Zote namba moja."

Aliinua mkono kutoka kwenye mashine akanyoosha vidole viwili, vile vile kama ukumbini, akaviangalia mwenyewe. Hapo ndipo nilipoelewa. Blanketi, maji, "Leo ungoje, Baba," yote yalinirudia kwa pamoja.

"Mwalimu," nilisema.

"Asante, Karani. Imekuwa nyepesi." Akaiweka mezani ikiwa wazi, ikiwa tayari, akaenda jikoni kuchemsha chai ambayo sasa haikuwa na kazi.

Kesho yake asubuhi nilimwomba mashine nikakimbia nayo Huruma. Yule kijana akaikagua muda mrefu.

"Buda, pipa ulimwaga?"

"Nilimwaga."

"Na ukaiambia ijipange?"

"Ulinielekeza hivyo."

Akajikuna kichwa. Sauti yake ilishuka, akaacha hata ile buda. "Mzee wangu, kufuta ni kama kuzika. Mtu anaweza kufukua. Lakini wewe umezika, halafu ukajenga nyumba juu." Alijaribu hata hivyo, siku nzima, hakutaka malipo. Aliyoyapata yalikuwa majina matupu. Ukiyafungua, yako kimya.

Mwalimu hakunigombeza hata siku moja, na hakumwambia mtu. Nilimwomba msamaha mlangoni kwake, akasema, "Ulitaka kunisaidia," akanikaribisha ndani. Labda ningeweza kustahimili kama angenifukuza. Kilichonishinda ni kwamba aliwaambia watu mtaani kwamba Karani ndiye fundi wake. Wakaja na laptopu zao. "Mzee, tumesikia una mkono." Niliwafungia mlango.

Nilipendekeza tuzirekodi nyimbo upya. Tulijaribu. Mama Atieno alikuja, mimi nikaja, seremala alikuwa kaburini. Mwalimu aliijua kila sauti ya kila wimbo, angeweza kuimba ya pili mwenyewe. Alifungua mdomo mara moja, akaufunga. "Si yangu," alisema. Hatukujaribu tena. Na mimi, badala ya kuongeza kwenda kwake, nikapunguza. Nilipita mlango wake nikitazama chini kama mtu anayetafuta sarafu. Yeye anayejua kuwasubiri watu alinisubiri, nami sikuja.

Binti yake akamhamishia kwake Huruma, kwenye ghorofa ya juu kabisa. Nilijipa visingizio vingi: magoti, ngazi, mvua. Mvua zilipokwisha visingizio vikaisha, nikapanda.

Binti alinifungulia. "Karibu, mzee. Kila siku anauliza kama umefika."

Alikuwa ameketi karibu na dirisha, amekonda, shati limemzidi. Alikuwa amepakata laptopu juu ya leso ya mkewe.

"Karani! Ngazi zimekushinda au umezishinda?"

"Tumetoka sare, Mwalimu."

Alicheka mpaka akakohoa. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya msamaha, ya maana, niliyoyapanga njia nzima kutoka Ziwani. Nilipoyaanza, akatikisa kichwa. "Tuimbe kwanza."

Akabonyeza kitufe. Mashine ikawaka mara moja, na mimi nikaangalia pembeni. Akaweka Mavuno 1. Mama Atieno akaanza, bado kijana, sauti kama ya ndege, uso mtupu usio na shingo. Mwalimu akanyoosha vidole vinne nami nikaingia. Sauti yangu imeisha, lakini maneno yote yalikuwepo. Beti mbili zikapita hivyo, msichana wa zamani juu na mzee chini, na katikati yetu pengo ambalo sikutaka kulisikiliza.

Katika ubeti wa tatu wa Mavuno kuna mahali sauti zote zinanyamaza na ya pili inaimba peke yake, mistari miwili, ndipo besi inapoitikia. Mama Atieno akanyamaza. Kwenye mashine kulibaki mvumo wa chumba kile cha Ziwani na pumzi yake akingoja. Sikuweza kulivumilia. Nikafungua mdomo, nikaingia.

Vidole viwili vya Mwalimu vilikuwa tayari hewani.

"Bado, Karani," alisema. "Hajamaliza."

Nikanyamaza. Alikuwa amefumba macho, na mkono wake wa pili ulikuwa ukipiga mdundo taratibu juu ya leso. Nikangoja. Nikangoja mpaka aliponyoosha vinne.